Barua pepe za nyumbani Mombasa: lini uziache tupu, lini uzipambe

Uko Toronto au Doha, na nyumba yako inajengwa polepole kule Kisauni. Msimamizi ni mjomba, naye barua pepe zako huzisoma kwenye simu, kwa bando la kununua. Kwa mawasiliano ya namna hii mimi nasisitiza maandishi matupu, yasiyo na rangi, herufi nene wala picha. Ni mepesi na husomeka kwenye simu yoyote. Angalia pia sahihi yako: ile nembo ya kampuni iliyo chini ya jina husafiri na kila jibu, hata unapoandika "Sawa, mjomba".

Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua dirisha la kuandikia, bonyeza nukta tatu zilizo chini, kisha "Plain text mode". Barua zitakazofuata zitafunguka hivyo hivyo mpaka uondoe alama ya tiki. Kwenye Thunderbird, shikilia Shift unapobonyeza kitufe cha kuandika au kujibu, na barua itafunguka kwa mtindo ulio kinyume na ule wako wa kawaida. Apple Mail ina "Make Plain Text" kwenye menyu ya Format.

Amua kabla hujaanza kuandika. Ukiigeuza barua iliyokwisha kupambwa, mapambo hupotea, na kurudi kwenye mtindo wa awali hakuyarejeshi. Kinachoumia zaidi ni jedwali la hesabu ya fundi, maana bei huachana na bidhaa zake, na mjomba hajui tena ipi ni ya simiti na ipi ya kokoto. Basi andika kila kitu kwa mstari wake:

Simiti: mifuko 40
Kokoto: lori 1
Vyuma: vipande 25

Orodha ikiwa ndefu, iambatishe kama PDF.

Wanaotumia Outlook ya Windows ya zamani (classic) wajihadhari na mtindo wa tatu, "Rich Text". Mtu asiyetumia Outlook anaweza kupokea faili liitwalo winmail.dat lisilofunguka, na hati ulizoambatisha zimefungiwa humo. Chagua HTML, yaani mtindo wa kawaida wa barua iliyopambwa, au maandishi matupu.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni pesa. Katika barua iliyopambwa, maneno "bonyeza hapa ulipe ushuru wa stempu" yanaweza kuficha anwani ya tapeli. Kwenye Thunderbird fungua View, kisha "Message Body As", uchague "Plain Text", uone barua bila mapambo yake. Hata hivyo, utupu wa barua si ushahidi kwamba ni ya kweli. Nambari ya akaunti ya kulipia ikibadilika ghafla, mpigie wakili wako kwa nambari ya simu uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, na usitume hata shilingi kabla hamjazungumza.