Somo: Land Rover Series III inagoma kuwaka asubuhi ya baridi

Wadau, baridi imeingia na maswali ni yale yale kutoka Makete, Njombe na Mbeya: 109 ya petroli (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli), asubuhi inagoma, mchana inawaka mara moja. Na karibu kila anayeuliza ameshafungua kabureta. Iacheni kwanza. Zenith 36 IV, yaani kabureta ya gari hili, inasingiziwa mengi, wakati mara nyingi mwizi ni umeme.

Hatua ya 1: stata na volti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Oili ya usiku ni nzito, stata inavuta umeme mwingi, na koili (inayopandisha umeme wa plagi) inagawana na stata betri hiyo hiyo. Weka mita kwenye betri, mwenzako apige stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka, au stata yenyewe inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu, hamishia mita upande wa chanya wa koili na upige tena. Koili ikipungukiwa zaidi ya nusu volti kuliko betri, umeme unapotelea njiani: swichi ya ufunguo, au vichwa vya waya vyenye kutu.

Kama huna mita, sikiliza tu. Injini ikishika pale unapoachia ufunguo, jibu umelipata. Stata imeacha kula, koili imepata volti zake, na mzunguko uliobaki umetosha kuwasha.

Msisahau arthi. Safisha waya wa betri mpaka chuma king'ae, kisha ule unaounganisha injini na chasisi. Huu wa pili upo chini, una matope, hakuna anayeukumbuka.

Hatua ya 2: moto

Platini (zinazokata na kuunga umeme ndani ya distributa) ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80. Cheche iwe ya bluu na ilie. Ya njano ni dhaifu. Futa kofia ya distributa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, umande wa huko Makete unatosha kuupoteza moto.

Hatua ya 3: petroli

Pampu ya mafuta ya gari hili ina kijiti cha kupampu kwa mkono. Kabla ya kugusa ufunguo, pampu mpaka kiwe chepesi. Gari likiwaka upesi baada ya hapo, basi petroli ilirudi tangini usiku au imekauka kwenye kabureta: kagua vali za pampu na mipira inayovuta hewa. Angalia pia kikombe cha kioo, maji hukaa chini yake.

Kisha toa chujio la hewa, vuta choki, uhakikishe kile kibamba kinafunga kabisa. Kebo zilizozeeka huishia katikati. Injini ikiwa imezimwa, mulika kooni mwa kabureta kwa tochi (ya betri, si kiberiti!) na ukanyage mafuta: petroli iruke kwa mchirizi. Isiporuka, sasa ndiyo mfungue kabureta.

Wale wa kumwagia petroli kabureta kwa kifuniko cha soda huku stata inazunguka, acheni. Injini ikirudisha moto, unaungua wewe.

Maswali

*Mkuu, natumia oili ya SAE 40, nipo Mafinga. Ina shida?*
Kwa asubuhi za Mafinga, ndiyo, ni nzito mno. Weka 20W-50 na usikie stata inavyozunguka.

*Shikamoo fundi. Nimefunga koili mpya, tangu hapo platini zinaungua.*
Marahaba. Toa waya, pima koili kati ya chanya na hasi. Injini hii inataka ya om 3 hivi. Ukipata 1.5, umeuziwa ya magari yanayotumia rezista, irudishe. Ikiwa sawa, badili kondensa, ile inayolinda platini zisiungue.

*Gari limetoka Dar kuja Njombe, linatoa moshi mweusi na plagi zinalowa.*
Njombe ni karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi, na jeti (vitundu vya petroli ndani ya kabureta) zinatoa petroli ile ile ya pwani. Choki irudishe mapema, injini ikishashika tu. Plagi zikilowa, rudisha choki yote, kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, piga stata. Likikaa huko moja kwa moja, tafuta jeti ndogo.

*Kaka, nitajuaje kama ni kompresheni (mgandamizo wa silinda), gereji za huku hazina kipimo?*
Una hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono? Zima swichi, gia nyutro, handbreki juu, zungusha taratibu. Utasikia vikwazo vinne kwa kila mizunguko miwili. Kimoja kikiwa laini, anza na tepeti (nafasi za vali), milimita 0.25 zote nane. Na dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie hendeli; injini ikipiga kinyume itakuvunja mkono.