Jinsi ya kutafuta hesabu ya mpira wa manati kwa tyubu, rula na chupa ya maji

Wakuu, ile kanuni ya Hooke ya shuleni, uzito ukizidi mara mbili na springi inavutika mara mbili, kwenye mpira haifiki mbali. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli uning'inize uzito utaona, mwanzo kigumu, katikati kinalegea, halafu mwisho kinakaza ghafla kama kamba. Namba moja haitoshi kueleza kitu cha hivyo.

Kata kipande cha upana wa mm 10, tuseme unene ni mm 1, kwa hiyo eneo la mkato ni mm² 10. Tumia wembe mkali, maana ukingo ukiwa na meno ndio utachanikia hapo hapo. Weka alama mbili za kalamu katikati, ziachane mm 100, na upime kati ya alama TU. Mimi mara ya kwanza nilipima fundo hadi fundo, kumbe fundo lilikuwa linateleza polepole, jioni nzima ikaenda bure na chupa ikanidondokea mguuni.

Kabla ya kupima chochote vuta mpira mara tano hivi hadi urefu wa mwisho utakaoutaka. Hii watu wanairuka sana na ndiyo inayoharibu majibu, kwa sababu mpira wenye unga wa kaboni (ule weusi wa tyubu) ukivutwa mara ya kwanza unakuwa mgumu kuliko mara zinazofuata.

Sasa ning'iniza chupa, ongeza maji nusu lita nusu lita, kila nusu lita ni kama nyutoni 4.9, subiri dakika moja ndio usome. Urefu mpya gawa kwa urefu wa mwanzo, hiyo tuite lamda. Uzito gawa kwa eneo la mwanzo, huo ndio mkazo.

Mfano nusu lita imefikisha alama mm 150. Lamda ni 1.5, mkazo ni 0.49 N/mm². Fomula rahisi inasema mkazo = G × (lamda − 1/lamda²), G ikiwa ni namba ya ugumu wa mpira. Kile cha 1/lamda² kinatokana na mpira kuwa mwembamba kadiri unavyorefuka, maana ujazo wake karibu haubadiliki. Mabano yanatoa 1.056, kwa hiyo G ni kama 0.46.

Rudia kwa kila uzito. G ikibaki ile ile umemaliza, ila haitabaki, itakuwa inashuka. Hapo ndio wanaingia wanasayansi Mooney wa 1940 na Rivlin wa 1948, wanaoeleza mpira kwa namba mbili, C1 na C2, badala ya G moja: chora grafu, hizo G ziwe wima na 1/lamda iwe mlalo, ukipata mstari ulionyooka basi unapokata mhimili wima ni 2C1 na mteremko wake ni 2C2. Pointi za mwisho zitakazoruka juu zitoe, pale minyororo ya molekuli za mpira imeshanyooka na fomula hii haiijui hali hiyo.

Ila usichukue hiyo C2 ukaenda kupigia hesabu bushi ya gari inayogandamizwa, itakudanganya vibaya, mpira uliopimwa kwa kuvuta pekee hautoi C2 ya kuaminika kwenye kugandamiza, upime upya kwa kuugandamiza.