Kusaka dhoruba za jua katika maandishi ya kale, ukiwa Kisumu

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Orora, ile mianga inayowaka angani dhoruba ya jua (mlipuko wa chembe na usumaku kutoka juani) inapotikisa usumaku wa dunia, haitarajiwi hapa. Kwa hiyo tunafanya kazi na maandishi ya watu wa kaskazini, kwa kompyuta, programu ya bure ya Stellarium, inayoonyesha anga la tarehe na mahali popote, na jedwali la safu saba: maneno yenyewe, mahali, tarehe, saa, rangi, upande wa anga na hali ya mwezi angani.

Safu ya kwanza inakili maneno kama yalivyo. Waandishi wa Uchina na Korea walisema "mvuke mwekundu". Ukijaza "orora" pale, umeshahukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Tarehe ndiyo inayoangusha wengi. Stellarium hutumia kalenda ya Juliani, iliyotangulia ile ya Gregori tunayotumia leo, kwa siku zote kabla ya 15 Oktoba 1582, hivyo tarehe ya Juliani iingize ilivyo. Ukiigeuza kuwa ya Gregori kwanza, utatua kwenye usiku mwingine, na mwezi angani utakuwa na hali nyingine. Programu pia ina mwaka 0: mwako mwekundu ulioandikwa Babeli mwaka 567 KK unaingizwa kama -566. Na siku ya Babeli ilianza jua likizama, kama usiku wa Ijumaa wa watu wa pwani unavyoutangulia mchana wake.

Jaribu mfano huu. Tarehe 8 Desemba 1128 John wa Worcester, Uingereza, aliandika kwamba ameona madoa mawili meusi juani, dalili ya jua lenye vurugu. Siku tano baadaye, Songdo (Kaesong ya leo, Korea), mvuke mwekundu ulijaza anga kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-magharibi. Bonyeza F6, weka nyuzi 38 kaskazini na 126.6 mashariki, kisha uchague saa ya jua ya mahali. Ukiacha saa za Kenya utapotoka kwa zaidi ya saa tano. F5 inafungua tarehe. Utakuta mwezi umepita upevu kwa siku nne hivi na unachomoza mashariki usiku ukiwa umeingia, upande wa pili wa ule mvuke. Basi mwezi si mshukiwa. Wekundu wa machweo je? Desemba jua huzama kusini-magharibi, kwa hiyo shaka hiyo ni halali: sogeza saa hadi jua liwe nyuzi 18 chini ya upeo, kwani kabla ya hapo wekundu wa magharibi hauthibitishi kitu.

Aliyewahi kuona miwa ikichomwa usiku huko Muhoroni anajua wingu linavyoweza kuwaka jekundu bila dhoruba yoyote. Ndiyo maana ushahidi wa sehemu moja hautoshi. Tafuta mji mwingine, usiku uleule. Dhoruba ya 4 Februari 1872 iliripotiwa hadi Bombay na Khartoum.

Mwisho, linganisha na kaboni-14 (kaboni yenye mionzi, ambayo chembe kutoka juani huiongeza hewani) katika pete za miti, lakini kwa uangalifu. Mwanasayansi Fusa Miyake na wenzake walitangaza mwaka 2012 ongezeko la ghafla la 774/775, katika mierezi ya Japani. Dhoruba ya Septemba 1859, iliyoonwa na watu wengi mno, haikuacha alama ya wazi kama hiyo: pete hupima chembe zenye nguvu nyingi kutoka juani, orora hupima mtikisiko wa usumaku, na hivi viwili haviji pamoja kila mara. Mti ukinyamaza, usifute usiku ulioandikwa na miji miwili.