Doa kwenye jani la mshubiri: chora duara kwanza, dawa baadaye

Kabla hujakimbilia duka la pembejeo, tafuta maka peni, ile ya kuandikia maboksi. Zungushia doa mstari mwembamba ukifuata ukingo wake, andika tarehe ubavuni mwa kopo, kisha uache mmea huo siku saba. Doa likibaki ndani ya mstari, hilo ni kovu. Likivuka, au yakizuka mengine pembeni, hapo huenda una ugonjwa au mdudu na kazi inaanza. Kwa mimea yenye ungaunga mweupe juu ya jani usitumie kalamu, piga picha tu, maana ule unga ukifutika haurudi.

Mimi naotesha mimea ya majani manene kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam. Nina makopo kama arobaini: mishubiri, adeniamu (waridi la jangwani), sansevieria zile za majani marefu kama mapanga, na minyaa miwili. Hili la kuchora nimelijua kwa hasara. Masika moja niliona mishubiri yangu imejaa vidoa, nikaogopa. Muuzaji mmoja akanipimia dawa ya ukungu kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina, akaniambia, "Mama, hii inaua kila kitu." Hakunidanganya. Nilipulizia saa saba mchana, jua kali limetoka baada ya mvua, nikaongeza na sabuni ya vyombo ili ishike vizuri. Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua kama yamemwagiwa uji wa moto. Makopo kumi na moja yalikwenda jalalani. Na kumbe ugonjwa wenyewe haukuwepo.

Vile vidoa vilikuwa vya maji. Ukipitisha kidole unahisi vijipele vikavu, vigumu kama kizibo cha chupa, rangi ya kahawia, mara nyingi upande wa chini wa jani. Inakuwa hivi: udongo umelowa, mizizi inakunywa bila kupumzika, lakini hewa ya Dar kipindi hicho nayo imejaa unyevu, kwa hiyo jani haliwezi kutoa jasho. Maji yanabanana humo ndani hadi vichembe vya jani vinapasuka, na pale palipopasuka panaota gamba. Haviambukizi. Wala havifutiki, hivyo usihesabu kupona kwa doa kutoweka, tazama jani jipya la katikati. Dawa yake ni kuondoa kopo chini ya mchirizi wa bati na kuacha kumwagilia mpaka ukichomeka kijiti hadi chini kitoke kikavu.

Doa la jua nalo lina tabia yake. Linakaa upande mmoja tu, ule unaotazama jua. Ni pana, limepauka au lina rangi ya majani ya chai, kavu, na halisogei. Hapa kibaraza changu kiliwahi kunichanganya. Kinatazama kusini, na mwezi wa sita hakipati jua kabisa, mimea inatulia. Lakini kuanzia kama tarehe 11 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri linapita upande wa kusini wa jiji letu. Kopo ambalo hujaligusa tangu Juni linajikuta Novemba limeota jua la saa nane, nawe unaapa kwamba hukulihamisha. Tundika kipande cha neti au khanga ya zamani wiki mbili tatu, mmea uzoee polepole.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa kweli.

Mshubiri una kutu yake, na ni ukungu. Huanza kama kidoa kidogo cha njano iliyopauka, kisha kinakuwa kahawia, kinaishia cheusi, cha mviringo, kigumu. Weusi ule ni jani lenyewe limejifunga kuzuia ukungu usipite, kwa hiyo doa jeusi lililokauka na kutulia halinitishi. Linalonitisha ni kidoa kipya cha njano kila wiki. Kata majani yaliyoshambuliwa sana, yafunge kwenye mfuko uyatupe, usiyaache juu ya udongo. Tenganisha makopo hewa ipite. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Mara nyingi hapo panatosha. Isipotosha, nunua dawa ya ukungu yenye madini ya shaba, kwenye pakiti yake yenye maelezo, uchanganye kama ilivyoandikwa. Jaribu jani moja kwanza, usubiri siku chache, halafu pulizia jioni ukiwa na glavu na umeziba pua na mdomo. Ule mshubiri ambao majirani wanakuja kukata kupaka usoni na kwenye nywele, huo usiupulizie kitu chochote. Mimi nimeutenga kona yake.

Doa laini, lenye majimaji, lina harufu? Huo ni uozo, na wenyewe sikuambii usubiri siku saba. Futa kisu kwa spiriti, kata hadi ukute nyama safi isiyo na hata mstari wa kahawia, ukifuta kisu tena kila unapokata. Kikonyo kilichobaki kiweke kivulini juu ya gazeti, siku nne hadi wiki, kidonda kikauke ngozi, ndipo upande. Ukikata mnyaa, kinga macho, maziwa yake yanaunguza vibaya. Utomvu wa adeniamu nao ni sumu ya kuwekwa kwenye mishale, basi nawa mikono kabla hujamshika mtoto.

Kuna kijana anaishi mlango wa pili, mwanafunzi. Jioni moja alikuja amekumbatia kopo. "Shikamoo mama. Huyu mgonjwa atapona?" Majani yalikuwa na vidoa vya kahawia, vimejipanga kando ya mshipa. Nikakwangua kimoja kwa kucha, kikabanduka kizima, chini kikaacha unyevu kidogo. "Marahaba baba. Huyu si mgonjwa, ana kupe." Si kupe wa ng'ombe, ni mdudu wa gamba anayeganda kwenye jani: ugonjwa haubanduki kwa kucha, yeye anabanduka. Sisimizi wakiwa wanapanda na kushuka kwenye shina, usibishane, tafuta wadudu, maana sisimizi wanafuata utamu unaotolewa na wadudu hao. Tulichukua pamba za masikioni, tukachovya kwenye spiriti, tukamgusa mdudu mmoja mmoja, na wale weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Akarudia kila baada ya siku tano, mara nne, kwa sababu vitoto vinaendelea kutoka.

Kuhusu udongo sina maneno mengi: mchanga wa mto Mpiji sehemu mbili, chenga za mkaa sehemu moja, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, na kopo liwe na matundu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache hukohuko. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama yetu, utaona ncha za majani zinakauka na ukoko mweupe juu ya udongo; wakati wa mvua kinga ndoo, usuuze kopo mpaka maji yatoke chini.

Ule mstari wa maka peni unatoka kwa pamba yenye spiriti kidogo. Futa taratibu, asubuhi mapema, na usiuweke juani mmea huo siku hiyohiyo.