Jeni za usugu wa dawa kwenye bakteria wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo): kutoka kikopo cha mkojo hadi jeli

Vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja benchini kwetu hapa Moshi hutamani kukimbilia mashine ya PCR, inayonakili jeni hadi ionekane, siku ya kwanza. Nami huwarudisha kwenye dirisha la kupokelea sampuli, maana jeni iliyotoka kwenye mkojo mbovu haimsaidii mgonjwa yeyote.

Hatua ya 1: Mkojo

Mwelekeze mgonjwa kwa maneno ya kawaida: “Shikamoo mama. Jisafishe kwa maji, mbele kwenda nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende, wa katikati ndio ukinge kwenye kikopo hiki, kisha ufunike hapo hapo.” Ufike maabara ndani ya saa 2. Kama unatoka zahanati ya mbali, tuseme Rombo, usafirishwe kwenye boksi lenye barafu na uoteshwe kabla saa 24 hazijaisha. Mkojo uliopigwa na jua safari nzima hujaa bakteria waliozaliana njiani.

Hatua ya 2: Kuotesha

Tumia lupu (kitanzi cha kuchotea) ya mikrolita 1 kwenye agari ya CLED, chakula cha kuoteshea bakteria, nyuzi 37, usiku kucha. Koloni (vishada vya bakteria) 100 ni sawa na bakteria 100,000 kwa mililita. *E. coli*, ambaye ndiye msababishi mkuu wa UTI, hutoa koloni za manjano kwa sababu huchachusha laktosi. *Klebsiella* naye ni wa manjano, ila koloni zake ni nene na huvutika kama ute. Thibitisha kwa vipimo vya kibayokemia. Zikiota aina 3 au zaidi, omba mkojo mwingine.

Hatua ya 3: Diski

Hapa usiwe na haraka. Koroga koloni kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha ukungu cha McFarland 0.5, upake kwenye agari ya Mueller-Hinton ndani ya dakika 15. Diski ya amoksilini yenye asidi ya klavulaniki iweke katikati, ya sefotaksimu upande mmoja na ya seftazidimu upande wa pili, milimita 20 kati ya vitovu vyake. Asubuhi inua sahani kwenye mwanga. Ukiona duara la sefotaksimu limevutwa kuelekea diski ya katikati, kama tundu la kitasa, bakteria huyo anatengeneza ESBL, kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Klavulaniki imekizuia, ndiyo maana dawa imepata nguvu upande huo tu. Hao ndio wa kupeleka kwenye PCR. Siku hiyo hiyo pima pia *E. coli* ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia, ili ujue diski zako bado zina nguvu.

Hatua ya 4: Kutoa DNA

Chota koloni chache kutoka sahani safi, zitie kwenye mikrolita 200 za maji safi ya PCR, chemsha dakika 10, zungusha kwenye sentrifyuji, chukua maji ya juu. Basi.

Hatua ya 5: PCR

Anza na blaCTX-M, jeni ya ESBL. CTX ni sefotaksimu, M ni Munich, Ujerumani, ilikotambuliwa mwaka 1989. Leo CTX-M-15 imeenea duniani kote, na mara nyingi hukaa kwenye plazmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake. Kwa septrini tafuta jeni za sul1, sul2 na dfrA.

Kila mara weka tyubu moja ya maji matupu, isiyotiwa DNA ya bakteria. Niliwahi kupata kwenye jeli mstari wa blaTEM, jeni ya usugu wa ampisilini, kutoka tyubu hiyo kwa wiki mbili. Nilisafisha pipeti, nikabadilisha maji, nikahamia chumba kingine, mstari ukabaki. Kumbe jeni ilikuwa ndani ya kimeng'enya cha Taq chenyewe, kile kinachonakili DNA kwenye PCR: Taq nyingi huzalishwa kwa *E. coli* waliopewa plazmidi yenye usugu wa ampisilini, na mabaki ya jeni hiyo hubaki humo. Majibu yote ya TEM ya wiki hizo niliyafuta, ingawa iliniuma. Ukiona mstari kwenye maji, usiripoti kitu.

Hatua ya 6: Kusoma na kuripoti

Jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 inatosha. Linganisha mstari wako na ngazi ya vipimo (vipande vya DNA vya urefu unaojulikana) na ule wa bakteria unayemjua kuwa na jeni hiyo. Kuwa mwangalifu na mambo mawili. TEM-1 si ESBL, kwa hiyo mstari wa TEM peke yake hauelezi usugu wa seftriaksoni mpaka usome mfuatano wake wa DNA. Na ukikosa qnr, jeni ya usugu wa siprofloksasini, usimwambie daktari kuwa siprofloksasini itafanya kazi, kwa kuwa usugu mkubwa wa dawa hiyo hutokana zaidi na mabadiliko kwenye jeni za bakteria mwenyewe, gyrA na parC, ambayo praima za qnr (vipande vifupi vya DNA vya kutafutia jeni hiyo) haziyaoni.

Majibu ya diski yampelekee daktari asubuhi hiyo hiyo, usisubiri PCR. Mama mwenye homa wodini anahitaji kujua kama nitrofurantoini inatosha au maambukizi yamepanda kwenye figo, ambako dawa hiyo haifiki kwa kiwango cha kutibu. Jeni zifuate baadaye kwa timu ya kudhibiti maambukizi, na bakteria mwenyewe mhifadhi kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, tyubu ikiwa na namba na tarehe iliyoandikwa kwa wino usiofutika.