Kuwasha upya huduma kwenye seva iliyo nyuma ya faiawoli

Seva ninayoitunza iko Nairobi. Mimi nipo Shimanzi, kwenye ofisi ya mawakala wa forodha. Ikinyamaza, makarani hawapati hati, na kontena likikaa bandarini kupita muda wake mwenye mzigo hutozwa. Ndiyo maana kila mtu atakusimamia kichwani: "Iwashe upya tu!" Waombe dakika mbili usome kwanza.

Faiawoli yetu, yaani ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, hupokea wageni kwenye mashine moja tu, tunaiita lango. Pitia hapo kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali:

ssh -J jina@lango jina@seva

Ukiingia, andika tmux kabla ya lolote. Laini ikikatika, kazi huendelea kulekule ndani, nawe ukirudi unaandika tmux attach na kuikuta.

Sasa uliza kuna nini (huduma yetu ni nginx, programu inayotoa kurasa za wavuti):

systemctl status nginx
journalctl -u nginx -n 50
df -h

Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Diski ikiwa imejaa, utawasha upya mpaka jioni na hali itakuwa ileile.

Kisha kagua mipangilio kwa sudo nginx -t. Ikilalamika, usiguse restart: huduma iliyokuwa ikijikongoja itazimwa, na mpya haitainuka. Ikikubali, iwashe upya kwa sudo systemctl restart nginx. Kama ulibadilisha mipangilio tu, sudo systemctl reload nginx inatosha, na wateja waliomo hawakatwi.

Pa kuogopa hasa ni faiawoli yenyewe na SSH. Ukijifungia nje, ufunguo umebaki ndani. Kabla ya kuwasha upya SSH, kagua kwa sudo sshd -t. Dirisha la kwanza liache wazi, ujaribu kuingia kwa la pili. Ukibadilisha kanuni za ufw, faiawoli ya ndani ya seva yenyewe, tega kwanza amri ya kukuokoa, itakayoizima baada ya dakika tano (programu ya at iwe imewekwa):

echo "ufw disable" | sudo at now + 5 minutes

Mambo yakiwa sawa, tazama namba yake kwa sudo atq, uifute kwa sudo atrm na namba hiyo. Usiisahau, maana itaiacha seva bila ulinzi.

Mwisho, ukiwa ndani ya seva, andika curl -I http://localhost, halafu mwambie karani afungue ukurasa kwake. Ndani ikijibu na kwake isijibu, huduma ni nzima. Angalia kwa sudo ss -tlnp: ikiwa inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani inaijibu seva yenyewe tu, rekebisha hapo. Kama sivyo, mpigie anayeshika faiawoli umtajie namba ya poti, yaani mlango wa mtandao ambao huduma inasikiliza.