Pikapu kuukuu ya Pwani: kusaka kelele na kuzuia kutu

Shemeji yangu wa Mtongwe ana Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, na kazi yake ni samaki. Kila alfajiri inavuka feri ya Likoni na makreti ya barafu, na kila jioni inarudi tupu ikigonga kwa nyuma, ko, ko, ko, hasa matairi yakikanyaga mlango wa feri. Alikuwa ameshabadilisha shokabsoba mara mbili. "Shemeji, nitaiuza kwa vyuma chakavu," akaniambia. Jumamosi tukashinda nayo tangu asubuhi hadi alasiri. Naandika tulivyofanya, kwa sababu magari ya namna hii ni mengi huku kwetu, na wenyewe wanamaliza pesa kwa spea zisizohusika.

Hatua ya 1: Osha chini, lakini angalia maji

Huwezi kukagua chuma kilichofunikwa na tope. Osha chasisi, ndani ya matao ya matairi na nyuma ya bampa.

Maji yawe ya mfereji au ya mvua. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji hayo hayo. Mtu anaosha gari kila Ijumaa, anafurahi linang'aa, kumbe analipaka chumvi. Jaribu kwa sabuni: ikikataa kutoa povu, maji hayo usiyaamini. Au dondosha tone kwenye kioo, liache likauke juani. Likiacha doa jeupe zito, tafuta maji mengine. Mitungi minne ya lita 20 inatosha pikapu moja kwa chini ukitumia pampu ya mkono.

Chumvi ina ubaya wa pili. Unyevu wa hewani ukifika asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji yenyewe, na usiku wa Mombasa unyevu huo ni wa kawaida. Kwa hiyo gari lililovuka bahari leo huendelea kulowa kwa ndani hata likilala chini ya paa.

Hatua ya 2: Inua gari

Jeki ni ya kuinulia, stendi za chuma ndizo za kushikilia. Zuia matairi yaliyobaki chini kwa vigingi. Mawe ya matumbawe ya kujengea usiyaweke chini ya gari hata kwa dakika moja. Hupasuka bila onyo.

Hatua ya 3: Kelele nyepesi

Mlio mkali asubuhi unapowasha ni fenibelti, kaza au badilisha. Mvumo unaopanda na mwendo na kuzidi unapokata kushoto huelekeza kwenye beringi ya tairi la kulia, na kinyume chake. Mlio wa "tang" unapoachia klachi au unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, shika propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, kwa mikono miwili uizungushe. Ikicheza, krosi, yaani kiungo cha propela, imekwisha. Chuma kusagana unapokanyaga breki, usiendelee na safari.

Hatua ya 4: Kugonga kwa nyuma

Hapa ndipo siku yetu ilipokwenda. Kwanza pita njia moja mara mbili kwa mwendo uleule: bodi, yaani sehemu ya kubebea mzigo, likiwa tupu, kisha ukiwa na mifuko minne ya saruji, yaani kilo 200, juu ya ekseli ya nyuma. Kelele ikizidi kwa mzigo, tazama springi iliyovunjika na zile raba zinazozuia ekseli isigonge chasisi. Ikipotea, kuna kitu kimelegea na mzigo umekibana. Yetu ilipotea kabisa.

Usikimbilie kusema ni bodi, kwani bushi za springi, yaani raba za kwenye maungio yake, zikiwa zimekwisha nazo hunyamaza zikilemewa. Mimi nilizishuku bushi, nikafungua shako, vile vyuma vinavyounga springi na chasisi, pande zote mbili. Boliti moja ikakatika kwa kutu, na kuitoa peke yake kulikula saa mbili za msumeno na tindo. Bushi zilikuwa nzima. Ningalianza na mtaimbo: uingize kati ya springi na shako, sukuma huku ukitazama boliti. Bushi nzima husogea kidogo ikarudi. Iliyokwisha huiacha boliti icheze ovyo.

Kisha shusha gari, mtu apande bodi arukeruke, nawe usimame kando na fimbo ndefu kavu. Ncha moja igusishe kila boliti inayoshika bodi, ncha ya pili iweke kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mti hupitisha mtikisiko vizuri kuliko unavyodhani. Usiwe chini ya gari mtu akiruka. Tulipofika boliti ya tatu upande wa kushoto, ile kelele ya kugonga ilinipiga kichwani moja kwa moja.

Boliti yenyewe ilikuwa imekaza, imepakwa na rangi. Kilicholiwa ni tundu lililoizunguka; lilikuwa refu kama yai, na chuma chake kimeachana magamba magamba. Ndiyo maana spana haikugundua kitu. Tangu hapo tukapita chasisi nzima kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga unga mwekundu. Epuka mabomba ya breki na tangi la mafuta. Bomba la breki lenye magamba libadilishwe kabla ya kingine chochote. Letu la nyuma tulilibadilisha siku ileile.

Kuchomelea mpe fundi aliyezoea chasisi. Akate mpaka afikie chuma kinachong'aa, aweke bamba lenye unene sawa na wa chasisi. Betri ifunguliwe waya, na kama tangi liko karibu, lishushwe. Akisema atafunika juu kwa bamba jembamba na puti, ule unga wa kuziba mashimo, ondoka na gari lako.

Hatua ya 5: Zibua matundu

Chasisi, milango na vizingiti vina matundu madogo ya kutolea maji. Yazibue kwa waya. Kwetu kulitoka mchanga wa kujaza kopo.

Hatua ya 6: Kuzuia kutu

Sikubali kupaka oili chafu iliyotoka kwenye injini. Ina asidi, inalegeza bushi za raba, na mvua ikija inaishia baharini. Lami nyeusi juu ya kutu ni mbaya zaidi: hufungia unyevu ndani, nawe huoni kinachoendelea.

Sugua kwa burashi ya waya, kisha msasa. Palipobaki kutu ndani ya vishimo, paka dawa ya asidi ya fosfori, isubiri igeuke nyeusi. Palipo na chuma kitupu, weka praima ya zinki. Hiyo haifanyi kazi juu ya kutu wala juu ya rangi, kwani zinki lazima iguse chuma ili iliwe yenyewe badala yake. Halafu rangi, mipako miwili. Kazi hii ifanye kaskazi, Januari au Februari, kabla ya masika.

Hatua ya 7: Maji ya barafu

Tuliweka mpira wa inchi moja kwenye kona ya bodi, ukapitishwa nje ya chasisi mpaka nyuma ya tairi. Maji ya samaki sasa yanadondoka barabarani. Zulia la raba linainuliwa kila Jumapili, likauke pande zote mbili.